UPANA WA TAIRI NA UPANA WA RIMU: MAELEZO KWA WENYE DHAMANA YA MAGARI YA KAZI

Madereva, maafisa ugavi, mafundi wa gereji na wananchi wote wenye magari ya kazi, Unguja na Pemba, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kabla ya kununua matairi mengine. Yanahusu jambo ambalo limezoeleka hata likaonekana la kawaida, nalo ni kuvisha tairi pana katika rimu nyembamba iliyokuja na gari kutoka kiwandani.

Asili ya jambo hili si ukaidi. Dereva aliyekwama mara mbili katika mchanga wa njia ya dago, au aliyeteleza katika udongo mwekundu wa vilima vya Pemba wakati wa masika, huona kwamba gari lake lina magurudumu membamba mno. Akiyatazama magari ya wenziwe yenye matairi mapana, hushawishika kwamba hapo ndipo ilipo nafuu. Huenda dukani, huambiwa kwamba tairi pana lipo na ni la inchi 16 kama lile lake, na fundi humhakikishia kwamba litaingia. Kweli huingia. Mafundi wetu wana mikono yenye nguvu na vyuma virefu, na tairi lolote la inchi 16 huweza kulazimishwa kuingia katika rimu ya inchi 16. Lakini kuingia si kukaa, na tofauti ya mambo hayo mawili huonekana gari likishapakia watu na kushika barabara.

Gari la mfano

Ili maelezo yasiwe ya hewani, tuchukue gari moja linalojulikana na kila mtu katika visiwa hivi, yaani Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Gari hili limekuwa likitengenezwa tangu mwaka 1984, nalo hutumika kuchukua wagonjwa, kupeleka mafundi wa maji na umeme, na kufikisha watumishi katika vijiji visivyo na lami. Magari mengi ya mfululizo huo yaliyoletwa kwa kazi yana rimu za chuma zenye maandishi 16 x 5.50F, na matairi yenye maandishi 7.50R16.

Maandishi ya rimu husomwa hivi. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, pale kingo za tairi zinapokalia. Namba 5.50 ni upana wake kwa inchi, nao hupimwa ndani, kutoka mdomo mmoja hadi wa pili, na si kutoka nje hadi nje. Herufi F ni alama ya umbo la mdomo wenyewe. Anayepima kwa nje hupata karibu inchi moja zaidi, akadhani ana rimu pana kuliko aliyo nayo. Kosa hilo ni la kawaida sana, na wapimaji waliokwisha zoea kazi hii nao hulifanya. Maandishi hayo hugongwa katika chuma, mara nyingi karibu na tundu la vali au kwa upande wa ndani, na aghalabu huhitaji kusuguliwa kwa brashi ya waya kabla ya kusomeka, kwa sababu chumvi ya bahari haichelewi kula chuma.

Kwa upande wa tairi kuna lugha mbili. Lugha ya zamani ndiyo ya 7.50R16, ambapo 7.50 ni upana wa jina kwa inchi, R ni alama ya tairi ambalo nyuzi zake hupita kutoka ukingo hadi ukingo, na 16 ni kipenyo cha rimu. Lugha ya pili ni ile ya 235/85R16 au 265/75R16. Hapo 235 ni upana wa tairi kwa milimita, na 85 ni kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana huo, yaani asilimia 85 ya 235. Atakaye kujua kimo cha tairi zima huchukua kimo cha ubavu mara mbili, kwa kuwa upo wa juu na wa chini, kisha huongeza kipenyo cha rimu, ambacho kwa inchi 16 ni milimita 406.

Mwenye kalamu na afanye hesabu hiyo. Tairi la 235/85R16 lina kimo cha karibu milimita 806. Lile la 265/75R16 lina karibu milimita 804. Na tairi la asili, 7.50R16, huwa karibu na milimita 805, likipungua au kuzidi kidogo kwa mtengenezaji huyu na yule. Matatu hayo ni ndugu wa kimo kimoja. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu gari likifungwa lolote kati ya hayo husimama sawa, saa ya mwendo husoma vilevile, na mtazamaji haoni kasoro. Tofauti iko katika upana, na upana ndio usiohimiliwa na rimu.

Kila saizi ya tairi hupewa na watengenezaji orodha ya upana wa rimu zinazoruhusiwa. Orodha hizo hufuata viwango vya pamoja, kama vile vya jumuiya ya viwango vya matairi na rimu ya Ulaya, ETRTO, na vya watengenezaji wa Japani, JATMA. Tairi la 7.50R16 huruhusiwa katika rimu ya inchi 5.5, 6.0 na 6.5. Tairi la 235/85R16 la magari ya kazi huanza inchi 6.0 na kuishia 7.5. Tairi la 265/75R16 la magari ya kazi huanza inchi 7.0 na kuishia 8.0. Basi rimu ya 5.5 ni pungufu kwa nusu inchi kwa tairi la kwanza kati ya hayo mawili mapana, na kwa la pili ni pungufu kwa inchi moja na nusu. Nusu inchi huonekana ndogo kwa macho, lakini waliotunga viwango hivyo hawakuiweka mipaka kwa kubahatisha.

Yanayotokea tairi likibanwa

Tairi hushikwa na rimu kwa kingo zake mbili, ambazo ndani yake mna waya za chuma. Rimu ikiwa na upana unaofaa, mbavu za tairi hupanda karibu wima na uso wa tairi hulala bapa juu ya barabara. Rimu ikiwa nyembamba, kingo husogezwa pamoja na mbavu hutuna kwa nje kama tumbo la mtungi. Uso wa tairi nao hupinda, ukawa na mgongo katikati na mabega yaliyoinuka.

Matokeo yake ya kwanza ni kwamba tairi hulika katikati. Wenye magari wengi wameuona ushahidi wake bila ya kujua maana yake, yaani tairi ambalo katikati limekwisha kuwa kipara ilhali mabega yake bado yana meno kamili. Fundi akilitazama tairi hilo husema kwamba lilijazwa upepo mwingi mno. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine upepo ulikuwa sawasawa na kosa ni la rimu. Mwenye gari hupunguza upepo ili mabega nayo yaguse chini, na kwa kufanya hivyo huingia katika hatari kubwa kuliko ile aliyoikimbia, kwa sababu mbavu ambazo zimekwisha pinda kuliko kawaida sasa hupinda zaidi katika kila mzunguko. Kupinda huzaa joto. Joto ndilo adui wa kwanza wa tairi, kwani hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi, na tairi lililoshikwa na joto kwa muda mrefu chini ya mzigo huachana matabaka au hupasuka, mara nyingi gari likiwa katika mwendo na likiwa limejaa.

Jambo la pili ni uongozi wa gari. Tairi lenye mbavu zilizotuna huyumba juu ya rimu yake. Dereva hukata usukani, na rimu huitika kwanza, tairi likafuata baadaye kidogo. Katika mwendo wa polepole hilo huonekana kuwa uzito wa usukani tu. Katika mwendo wa barabara kuu, dereva akimkwepa ghafla mwenye baiskeli au mtoto aliyekatiza, kuchelewa huko ndiko kunakolipeleka gari upande asioukusudia. Land Cruiser ya wagonjwa ni gari refu kwenda juu, na mzigo wake ni binadamu aliyelala.

Jambo la tatu huwahusu zaidi wanaopita katika njia za uwanda, kule ambako mawe ya matumbawe yamejitokeza juu ya ardhi kuanzia Makunduchi hadi Matemwe. Ubavu ndio sehemu nyembamba ya tairi, kwani hauna mikanda ya chuma iliyo chini ya uso. Tairi lililotuna huutoa ubavu nje, ukakutana na ncha za mawe kabla ya uso wa tairi kuzikanyaga. Mkato wa ubavuni hauzibiki kwa kiraka cha pancha cha kawaida, na tairi la namna hiyo huwa limekwisha kazi hata kama lilinunuliwa wiki iliyopita.

Haki inataka isemwe pia kwamba wako madereva wenye uzoefu wa jangwani wanaopendelea rimu nyembamba kidogo kwa tairi lao, kwa hoja kwamba ukingo hushikilia zaidi upepo unapopunguzwa sana. Hoja hiyo ina msingi wake kwa gari linalotambaa mchangani kwa mwendo wa miguu. Haimfai anayetoka Chake Chake kwenda Wete na abiria wanane juu ya lami.

Jambo la nne ni faida yenyewe, ambayo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mafundi wa matairi wana kanuni kwamba kila rimu inapopungua nusu inchi, tairi hupungua upana kwa karibu milimita 5. Upana wa 235 ulioandikwa ubavuni ulipimwa juu ya rimu ya inchi 6.5. Likibanwa katika rimu ya 5.5, tairi hilo hubaki na upana wa karibu milimita 225. Tairi la asili, 7.50R16, lina upana wa kati ya milimita 210 na 220. Mnunuzi amelipia tairi jipya, amejitwisha hatari zote zilizotajwa, na alichokipata hakizidi sana upana wa kidole cha mwisho. Kwa 265/75R16, ambalo hupimwa juu ya rimu ya 7.5, hasara ni karibu milimita 20, na uso wake hupinda kiasi kwamba sehemu nzuri ya huo upana uliobaki haigusi barabara wakati upepo ni kamili.

Mzigo

Ubavuni mwa tairi, baada ya saizi, huandikwa namba na herufi, kwa mfano 116/114N. Hii si namba ya kiwanda. Ni kipimo cha mzigo na mwendo, na maafisa ugavi wanaombwa waizoee kama wanavyozoea namba za vifungu vya fedha. Namba 116 maana yake ni kilo 1,250 kwa gurudumu linalokaa peke yake. Namba 114 ni kilo 1,180 kwa kila gurudumu linapokaa pacha. Herufi N ni mwendo usiozidi kilomita 140 kwa saa.

Tairi la 265/75R16 la magari ya kazi huuzwa kwa nguvu mbalimbali. Liko lenye 112/109, ambalo hubeba kilo 1,120, na liko lenye 123/120, ambalo hubeba kilo 1,550. Yakiwekwa sambamba dukani hufanana. Tofauti ni kilo 430 kwa gurudumu moja, na katika magurudumu manne ni kilo 1,720. Mwenye kununua kwa kutaja saizi peke yake aweza, pasipo kujua, kuliondolea gari nguvu lililokuwa nayo, ilhali anaamini kwamba tairi pana lazima liwe na nguvu zaidi. Tena namba hizo zote, kubwa na ndogo, ni halali kwa sharti kwamba tairi limefungwa katika rimu inayoruhusiwa na kujazwa upepo uliotajwa. Nje ya sharti hilo hakuna mtengenezaji anayedhamini chochote.

Magari ya mizigo yenye magurudumu pacha nyuma, pamoja na gari za shamba zenye bodi ya mbao, yana hatari ya peke yake. Kati ya matairi mawili pacha huachwa nafasi ili upepo upite na mbavu zisikutane tairi linapobonyea kwa mzigo. Nafasi hiyo imepimwa kwa upana wa tairi la asili. Ukiweka tairi pana katika rimu ileile, nafasi hupotea na mbavu husuguana. Hakuna dereva anayeweza kuliona hilo akiwa kwenye usukani. Dalili yake ni ubavu uliong'aa kwa kusuguliwa, harufu ya mpira ulioungua, na katika hali mbaya ni moto chini ya bodi. Mwenye gari la namna hii apitishe mkono kati ya matairi pacha gari likiwa limepakia. Zikiwa mbavu zinagusana, gari hilo lisitoke.

Mchanga, upepo na maji

Turudi kwa dereva aliyekwama mchangani, kwa maana shida yake ni ya kweli na bado hajapewa jawabu.

Gari huzama mchangani kwa sababu uzito wake umekusanyika katika eneo dogo. Eneo ambalo tairi hugusia ardhi hutegemea mambo mawili makubwa, uzito ulio juu ya gurudumu na upepo ulio ndani yake. Chukua gurudumu lenye kubeba kilo 750. Upepo ukiwa kilo 2.5 kwa sentimita moja ya mraba, ambao ni karibu paundi 36 kwa saa za gereji zetu, eneo linaloguswa ni karibu sentimita 300 za mraba. Ukipunguzwa hadi kilo 1.5, yaani karibu paundi 21, eneo hufikia karibu sentimita 500 za mraba. Hesabu hii si kamili, kwani ugumu wa mbavu nao hubeba sehemu ya uzito, lakini inatosha kuonesha njia. Tairi lilelile jembamba limeongeza eneo lake kwa zaidi ya nusu bila ya kununuliwa chochote. Na eneo hilo huongezeka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, jambo ambalo lafaa mchangani, kwa sababu tairi jembamba lililorefuka hukata njia yake na kupita, na tairi pana husukuma lundo la mchanga mbele yake.

Kwa hiyo dereva anayekwenda pwani achukue vitu viwili, saa ya kupimia upepo na pampu ya kujazia. Apunguze upepo kabla ya kuingia mchangani, sio baada ya kuzama. Aende polepole, asikate kona kwa ghafla, na akitoka mchangani ajaze tena palepale kabla ya kushika barabara. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Gari lililopunguzwa upepo kwa ajili ya mchanga kisha likaachwa likimbie lami hadi mjini, hujikuta katika joto lilelile lililoelezwa juu, hata kama tairi na rimu vinapatana. Na katika njia za mawe ya matumbawe upepo usipunguzwe sana, maana ubavu uliolegea hukatwa upesi.

Kuhusu maji, wakati wa masika barabara zetu hukusanya maji mabondeni na mbele ya vituo. Tairi husukuma maji pembeni ili liguse lami. Kadiri lilivyo pana ndivyo maji yanavyokuwa mengi ya kusukumwa kwa wakati mmoja, na gari huanza kuelea juu ya maji katika mwendo mdogo zaidi. Tairi ambalo katikati limekuwa kipara, kama lile lililobanwa na rimu, halina tena mifereji ya kuyapitishia maji hayo. Wembamba wa tairi la asili, ambao dereva huuonea haya mbele ya wenziwe, ndio unaomsaidia siku ya mvua.

Katika kununua na kufunga

Afisa anayeandika hati ya kununua matairi aandike saizi kamili, namba ya mzigo, herufi ya mwendo, na upana wa rimu ya gari linalohusika. Hati yenye maneno "matairi manne ya inchi 16" haitoshi, nayo ndiyo mlango unaopitishia matairi yasiyofaa kuingia ghalani. Kipimo cha kwanza cha kufuatwa ni bamba la mtengenezaji lililoko katika nguzo ya mlango wa dereva, au kitabu cha gari, kwa kuwa baadhi ya matoleo ya karibuni ya mfululizo huohuo wa 70 yamekuja na saizi nyingine. Kadhalika isomwe tarehe ya tairi. Tangu mwaka 2000 hugongwa tarakimu 4 ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno marefu huweza kuwa mpira uliokwisha kauka, na mwenye duka si lazima akueleze.

Ambaye kazi yake inadai tairi pana kweli, na zipo kazi za namna hiyo, abadilishe rimu pamoja na tairi. Rimu ya inchi 7 au 8 itafutwe yenye idadi ya nati, duara la nati, tundu la kati na mwingilio sawa na wa gari husika. Land Cruiser za kazi zilizotengenezwa tangu mwaka 1999 zina nati 5 katika duara la milimita 150, na za kabla ya hapo zina nati 6 katika duara la milimita 139.7. Kwa hiyo rimu ya Hilux au Prado yenye nati 6 haiingii katika gari la nati 5, na kuitoboa upya ni kosa lisilo na udhuru. Tairi jipya likishafungwa, usukani ukatwe hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa tupu na likiwa limepakia, na itazamwe kama tairi linagusa springi, mpira wa breki au madigadi. Gurudumu la akiba nalo liwe la saizi ileile, kwani si nadra kukuta gari lenye manne mapya na la tano la zamani ambalo halitafaa siku ya haja.

Mafundi wana neno lao katika maelezo haya. Baadhi ya rimu za 5.50F ni za vipande, zenye pete ya kufungia, na huhitaji tyubu. Tyubu iwe ya saizi ya tairi. Tyubu ya 7.50 iliyovutwa ili ijaze tairi pana hukonda na kupasuka mapema. Kubwa kuliko hilo ni pete yenyewe. Pete isiyokaa sawasawa, au iliyoliwa na kutu, huruka kwa nguvu ya kuua wakati wa kujaza upepo. Tairi la rimu ya vipande lijazwe ndani ya tundu la vyuma, au angalau lifungwe kwa minyororo imara, na anayejaza asimame kando kwa mpira mrefu, kamwe asiiname juu yake.

Vilevile tairi lililo pana kupita rimu hukataa kukaa ukingoni, na fundi huongeza upepo akisubiri lilie. Matairi mengi yameandikwa ubavuni kwamba upepo wa kukalisha ukingo usizidi paundi 40. Likifika hapo halijakaa, upepo utolewe wote, ukingo upakwe maji ya sabuni na kazi ianzwe upya. Kumwagia petroli na kuwasha kiberiti ili tairi liruke mahali pake, kama wafanyavyo baadhi ya vijana mbele ya watazamaji, ni kuchezea uhai.

Kwa magari ambayo hivi sasa yamekwisha fungwa matairi mapana katika rimu za 5.5, yafuatayo yafanywe bila ya kungoja matairi yaishe. Gari lisipakie mzigo kamili wala lisiende mwendo mkubwa, na upepo usipunguzwe chini ya ule wa bamba la gari kwa ajili ya kusawazisha kulika. Matairi yavuliwe yakaguliwe ndani na nje, hasa kingo na mbavu. Yaliyo mazima yahifadhiwe ghalani mbali na jua kwa ajili ya gari lenye rimu inayofaa na bamba linaloyaruhusu, na yenye mikato au mapovu ya ubavuni yakatwe kabisa ili yasirudi barabarani kwa mlango mwingine. Gari lirudishiwe 7.50R16 zenye namba ya mzigo isiyo chini ya ile ya kitabu. Nati zikazwe kwa mfuatano wa kukabiliana, kisha zikazwe tena baada ya gari kwenda kilomita 50 hadi 100, na dereva aandike katika kitabu cha safari siku aliyozikaza.